Mzimu Ni Kile Nyumba Imekataa Kusema

Wacha niseme ukweli mapema: mimi ni mwoga. Stima ikipotea, mimi ndiye wa kwanza kwa hii nyumba kutafuta tochi ya simu. Nikitoka choo usiku sigeuki nyuma hata uniite kwa jina. Lakini ukipekua begi langu siku yoyote, kati ya chaja na pakiti ya njugu utapata kitabu cha mizimu. Marafiki zangu wamechoka kuniuliza: kama unaogopa hivyo, mbona unajitesa?

Zamani nilikuwa najibu ati ni raha tu. Si unaona vile mtu analipa pesa yake apande bembea kubwa, apige nduru, ashuke akitetemeka, halafu anapanga laini tena? Siku hizi nina jibu lingine. Nililipata jikoni, tukimenya waru na mathe, na tutafika hapo. Kwanza nataka nikuonyeshe waandishi ninaowapenda, kwa sababu bila wao hiyo jioni haingefanyika.

Msimamo wangu ni huu, na ukitaka tubishane tubishane: hadithi nzuri ya mzimu haihusu mzimu. Inahusu kitu ambacho watu wa nyumba fulani wanakijua na wamekubaliana kutokisema. Mzimu ni hicho kitu, kimechoka kungoja.

Video nyingi za kutisha tunazotumiana siku hizi hazijui hilo. Zinakutega tu. Kimya, kimya, kimya, halafu kelele na uso umejaa damu kwenye skrini. Unaruka, unacheka, unamtumia rafiki yako naye aruke. Kufika kesho umesahau. Huo si woga, ni mshtuko. Hata sufuria ikianguka jikoni utaruka. Woga wenyewe ni ule unaokufuata hadi kitandani siku tatu baadaye, ukiwa umelala macho wazi, unajiuliza swali ambalo kitabu hakikulijibu.

Tuanze na mzee wa kazi, M. R. James. Alizaliwa Uingereza mwaka 1862, akawa msomi wa maandishi ya kale, mtu wa maktaba na makanisa, na baadaye mkuu wa chuo cha King's pale Cambridge. Krismasi ikifika alikuwa anaita marafiki chumbani kwake usiku, anazima mishumaa yote ila mmoja wa kusomea, halafu anawasomea hadithi aliyoandika. Hiyo picha naipenda sana, kwa sababu si ndivyo tulivyokuwa tunafanya bwenini? Taa zikizimwa, mtu mmoja wa kitanda cha juu anaanza: "Mnajua kwa nini ile bafu ya mwisho huwa imefungwa?" Na bweni zima linanyamaza, hata wale wa kukoroma.

Kitabu chake cha kwanza cha hadithi hizo, Ghost Stories of an Antiquary, kilitoka mwaka 1904. Ndani yake kuna hadithi ya profesa mmoja ambaye hataki hata kusikia habari ya mizimu. Yeye ni mtu wa akili, mambo hayo ni ya washamba. Anaenda likizo pwani, anaokota filimbi ya zamani kwenye magofu, anaipuliza. Chumba chake hotelini kina vitanda viwili, na yeye analalia kimoja tu. Asubuhi anaambiwa kwamba inaonekana vyote viwili vililaliwa.

Ni hayo tu. Hakuna damu, hakuna meno. Kinachokuja mwishoni kinakuja kimejifunga shuka la kitanda, na tangu nisome hiyo hadithi sijawahi tena kulala chumba chenye kitanda kitupu bila kukiwekea begi juu. James alinifundisha kwamba msomaji ukimwachia nafasi, atajitisha mwenyewe kuliko vile wewe ungeweza.

Lakini James alinitisha tu. Aliyenivunja moyo ni Shirley Jackson.

Huyu mama Mmarekani, aliyeishi kati ya 1916 na 1965, alikuwa analea watoto wanne na kuandika hukohuko kati ya vyombo na nguo za kufua. Mwaka 1948 gazeti la The New Yorker lilichapisha hadithi yake fupi, The Lottery, kuhusu kijiji cha watu wazuri, majirani wanaosalimiana, wenye desturi moja ya kila mwaka ambayo sitakuambia. Wasomaji waliandika barua nyingi kwa hasira. Na ukiisoma utaelewa, kwa sababu hakuna mzimu hata mmoja ndani. Kuna majirani tu.

Mwaka 1959 akatoa The Haunting of Hill House. Manze, hicho kitabu! Msichana anayeitwa Eleanor, miaka 32, amemwuguza mama yake miaka 11 hadi mama akafa. Hana nyumba, hana mtu. Anaalikwa na daktari mmoja anayechunguza mizimu waende wakae kwenye jumba linaloogopwa. Kuna usiku Eleanor amelala gizani, anasikia sauti, anashika mkono wa rafiki yake Theodora wa kitanda cha pili. Anaushika kwa nguvu. Taa inapowaka, anaona Theodora yuko mbali, hakuwa karibu naye kabisa. Sasa ule mkono ulikuwa wa nani?

Wengi hukumbuka huo mkono. Mimi nakumbuka kitu kingine. Ndani ya lile jumba kuna usiku ambao kitu kinagonga milango, kinapita kikigonga, mlango mmoja baada ya mwingine. Eleanor anashtuka usingizini akidhani ni mama yake anaita. Baadaye sana, katikati ya mazungumzo ya kawaida, anatoboa: usiku ule mama yake alipokufa, alikuwa amegonga ukuta akiomba dawa. Na yeye hakuamka. Ama aliamka akalala tena. Hana uhakika, na hiyo ndiyo inamuua.

Nilisoma hiyo sehemu nikafunga kitabu. Nilikuwa kidato cha pili. Nilihisi kama mtu amesema siri ya nyumbani kwetu, na sikujua ni siri gani.

Kabla sijafika huko, kuna wawili wengine.

Toni Morrison watu humweka kwenye rafu ya vitabu vizito vya chuo kikuu, na ni kweli alishinda Nobel mwaka 1993. Lakini Beloved, kitabu chake cha 1987, ni hadithi ya mzimu mwanzo hadi mwisho. Kina mizizi kwenye kisa cha kweli. Mwaka 1856 mwanamke mtumwa aliyeitwa Margaret Garner alitoroka Kentucky na familia yake, wakavuka mto Ohio ukiwa umeganda barafu. Waliponaswa, alimuua binti yake mdogo ili asirudishwe utumwani. Morrison alichukua hicho kisa akajiuliza: huyo mtoto akirudi, je? Akirudi, agonge mlango, adai mapenzi aliyonyimwa?

Kinachonikaba kwenye Beloved ni majirani. Siku ile wawindaji wa watumwa walipokuja, kuna watu waliowaona wakipita. Hakuna aliyekimbia kwenda kumwonya yule mama. Walikuwa na kinyongo kidogo tu: familia yake ilikuwa imefanya karamu kubwa jana yake, wakaona wanajidai. Basi wakanyamaza. Halafu wakakaa miaka mingi wakilaumu nyumba ile kwamba ina mzimu. Mzimu wenyewe waliupika wote pamoja, kwa kunyamaza.

Wa pili ni Lafcadio Hearn, na hapa nataka pia jina la mke wake liandikwe kubwa. Hearn alizaliwa kisiwa kimoja cha Ugiriki mwaka 1850, akahangaika dunia hadi akafika Japani mwaka 1890, akaoa huko. Kitabu chake cha mizimu ya Kijapani, Kwaidan, kilitoka mwaka 1904, ule ule aliokufa. Hadithi nyingi alisimuliwa na mke wake, Koizumi Setsu. Setsu alikuwa anatafuta vitabu vya zamani, anavisoma, halafu usiku anamsimulia mumewe taa ikiwa imepunguzwa. Na Hearn alikuwa anakataa asimsomee kutoka kitabuni. Alitaka asikie maneno yake mwenyewe. Setsu mwenyewe alikuwa akiogopa anavyosimulia.

Kwenye Kwaidan kuna hadithi ya mwanamke wa theluji. Anamwacha hai kijana mmoja kwa sharti moja: usimwambie mtu ulichoona usiku huu. Kijana anaoa, anapata watoto, miaka inapita, na jioni moja bila kufikiri anamsimulia mke wake. Kumbe mke ndiye yule yule wa theluji. Anaondoka na harudi. Naikumbuka hiyo hadithi kila nikijisikia shujaa wa kusema mambo waziwazi. Kusema kuna bei. Wakati mwingine unasema, na mtu unampoteza.

Usiniambie sasa kwamba haya ni mambo ya wazungu na Wajapani. Kama umekaa Mombasa, unamjua yule mrembo anayesimamisha gari usiku, amejipaka manukato, na dereva akiangalia chini anaona kwato badala ya miguu. Kila mtu ana binamu wa rafiki aliyembeba. Na vitabu tunavyo. Said Ahmed Mohamed, yule yule tuliyefundishwa kumwogopa kwa sababu ya maswali ya mtihani, ana riwaya inaitwa Babu Alipofufuka, ya mwaka 2001. Mkubwa mmoja mwenye cheo, anayeitwa K tu, anatembelewa na babu yake aliyekwisha kufa. Babu hakuja kunyonya damu. Amekuja kumwonyesha mjukuu nchi aliyoshiriki kuiharibu. Kama wewe ni Mkenya na hiyo haikutishi, sijui nikusaidie vipi.

Sasa jikoni.

Kwa shosho, ushago kule Murang'a, nyumba ni ya mbao, na ina chumba cha nyuma ambacho watoto tulikuwa hatuingii. Kilikuwa na kufuli. Binamu zangu wakubwa walikuwa na stori yake: mle ndani kuna Msee wa Kugonga. Ukilala upande wa ule ukuta, usiku wa manane utasikia akigonga mara tatu. Usimjibu. Ukimjibu, unakufa na kikohozi. Desemba zote za utoto wangu nililala nimejisukuma hadi ukuta wa pili, nimefunika kichwa. Tulimwuliza shosho siku moja. Hakutukemea. Aliinuka tu akaenda kuangalia ng'ombe, na ng'ombe alikuwa ashalishwa.

Shosho alipofariki tulizika, tukarudi Nairobi. Kama wiki moja baadaye niko jikoni na mathe, tunamenya waru. Hapo uelewe kitu: mathe na vitabu vyangu hatukuwa na amani. Yeye ni mtu wa kanisa. Nikiwa kidato cha pili alininyang'anya Hill House akasema najifungulia milango, kuna vitu vikishaingia kwa nyumba havitoki. Nilikuja kukipata kabatini kwake miezi baadaye, chini ya lesso. Lakini hiyo jioni nyumba ilikuwa kimya kupita kiasi, nikaanza kumsimulia ili tu tusiwe kimya. Nikamwambia habari za Eleanor, mama mgonjwa, kugonga ukuta.

Mathe akaacha kumenya.

"Na huyo msichana hakuamka?"

"Hakuamka. Ama aliamka akalala tena. Hajui."

Akakaa muda. Kisu kiko mkononi, waru iko mkononi. Halafu akasema, "Mimi niliamka."

Alikuwa na kaka. Mimi nina mjomba ambaye sikuwahi kujua. Alirudi nyumbani mwaka 1996 kutoka kazini mjini, amekonda, akawekwa kile chumba cha nyuma. Majirani waliambiwa ni kichomi. Alikuwa na kikombe chake na sahani yake, na mathe, aliyekuwa msichana wa shule, aliambiwa asivichanganye na vingine. Aliambiwa pia asiingie mle usiku. Siku hizo hakuna aliyekuwa anataja ukimwi kwa jina, na zile dawa ambazo leo mtu anachukua kliniki na kuendelea na maisha yake, mtu wa kawaida Kenya hakuwa na njia ya kuzipata. Usiku mmoja mjomba aligonga ukuta wa mbao kwa kikombe. Mara tatu. Mathe alikuwa upande wa pili. Alisikia. Akafunika kichwa kwa blanketi.

"Pengine alikuwa anataka maji tu," akaniambia.

Asubuhi shosho ndiye aliyemkuta. Mazishini likasomwa lile neno tunalolijua sote, "baada ya kuugua kwa muda mfupi." Kikombe na sahani vikatupwa, chumba kikafungwa. Novemba 1999, Rais Moi alipotangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa, mjomba alikuwa na miaka mitatu kaburini, na kwetu bado ilikuwa kichomi.

Sasa fikiria ile stori yetu ya watoto. Hakuna mtu mzima aliyetuambia lolote. Na bado ilikuwa na kila kitu: ukuta, kikohozi, kugonga, mara tatu. Usimjibu. Sijui ilipenya vipi. Labda mtu mkubwa aliteleza neno, mtoto akaliokota. Familia nzima ilifunga mdomo miaka zaidi ya ishirini, na ukweli ukatafuta njia ukapitia kwa watoto, ukiwa umevaa nguo za mzimu.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema hadithi za kutisha ni upuzi, ama ni kuabudu giza. Wanaosema ni giza nawaelewa zaidi, kwa sababu mathe alikuwa mmoja wao na hakuwa mjinga. Alisema nitafungua milango, na ni kweli mlango ulifunguka. Tofauti yetu ni moja tu: yeye alidhani kitakachoingia ni kitu kigeni. Kumbe kilikuwa ni kaka yake, na alikuwa ndani siku zote.

Kuna pia wale wanaosema maisha ya hapa yanatisha vya kutosha, kodi ya nyumba inatisha kuliko mzimu, ya nini kujiongezea? Hao nawaambia hivi: kodi unaijua. Inakuja na tarehe, unaweza kuilalamikia na wenzako. Kuna woga mwingine ambao hauna tarehe wala jina, unaubeba tu, na huwezi kuulalamikia kwa sababu hata hujui ni wako. Jackson, Morrison na wenzao wanaupa mwili. Ukishakuwa na mwili, unaweza kuuelekezea kidole na kusema, huyu hapa.

Sitakudanganya kwamba baada ya hapo mambo yote yalikuwa mazuri. Mwanamke wa theluji alinionya. Shangazi mmoja aliposikia kwamba mathe amesema, alikata simu na hawajaongea vizuri hadi leo. Mathe mwenyewe alikaa siku kadhaa hataki kuniangalia usoni. Amenikubalia niandike haya, ila jina la mjomba nisiliweke. Bado, alisema. Hilo "bado" nimelishika kama ahadi.

Kama unataka kuanza kusoma, anza na James kwa sababu ni mafupi na yatakupa raha. Halafu Kwaidan. Halafu Hill House, na usikisome ukiwa peke yako kwa nyumba. Beloved kiweke mwisho, ukiwa na nguvu. Babu Alipofufuka kisome wakati wowote kuna uchaguzi.

Na ukirudi ushago, kama kuna chumba kilichofungwa, ama picha iliyogeuzwa ukutani, ama jina ambalo likitajwa mtu huinuka kwenda kuangalia ng'ombe, usiende na kelele. Simulia hadithi ya watu wengine kwanza. Menya waru. Ngoja.

Desemba hii tunaenda kufungua kile chumba. Mathe amenunua kufuli mpya, halafu akabadilisha mawazo, akasema hakihitaji kufuli. Ameniuliza kama ninaweza kulala mle, kwa sababu wageni ni wengi na vitanda ni vichache. Nimekubali. Nitalala upande wa ule ukuta, taa ikiwaka usiku kucha, kwa sababu nilishakuambia mimi ni mwoga. Lakini nitaweka glasi ya maji karibu na kitanda. Na nikisikia mtu akigonga, nitajibu.